Shetani Alinipitia

Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuhakiki vitabu ambavyo mtu mzima akikukuta navyo unaona haya. Vyangu nimevivika karatasi za kalenda, kama tulivyokuwa tukifanya kwa madaftari shuleni, kwa sababu juu ya kila kimoja kuna mwanaume kifua wazi, misuli kama mbeba mizigo wa bandarini, kasimama gizani kana kwamba umeme umekatika. Mama akiniuliza nasoma nini, najibu, "Kiingereza." Sijadanganya. Kiingereza kimo.

Cha kwanza nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandika chini kule Posta. Nilikwenda kutafuta kamusi. Kamusi ikanishinda bei, nikageuza macho pembeni, nikaona kitabu kinaitwa The Darkest Night, cha mwandishi wa Kimarekani, Gena Showalter. Ukurasa wa kwanza nikausoma nimesimama, wa pili nimechuchumaa, wa tatu muuzaji akaniambia, "Kaka, hapa siyo maktaba." Nikatoa hela niliyokuwa nayo, ambayo ndiyo ilikuwa nauli, nikarudi Temeke kwa mguu. Tangu siku hiyo nimekwisha kusoma vitabu tisa vya mfululizo huo, unaoitwa Lords of the Underworld, vingine vya kuazima na vingine kwenye simu ya rafiki yangu ambayo kioo chake kimepasuka katikati. Kuna busu moja ambalo mpaka leo sijui liliishaje.

Wenzangu wa kijiweni, wale tunaopitishiana miswada, walinicheka. Wakasema hizo ni takataka za mapenzi, mtu anayetaka kuwa mwandishi hasomi mambo hayo. Mimi sikubaliani nao. Kitabu kinachomtoa mtu Posta mpaka Temeke kwa mguu kina kitu ndani yake. Kazi ya mhakiki ni kukitafuta hicho kitu, akakitoa hadharani watu wakakiona, na kama kina sumu aseme kina sumu. Nami nasema mapema: vitabu hivi vina dawa na sumu katika chupa moja, na mimi nilikunywa vyote viwili kabla sijasoma maandishi ya kwenye chupa.

Kwa ambao hamjavisoma, kisa ni hiki. Zamani za miungu ya Kiyunani walikuwapo mashujaa wasiokufa, walinzi wa mfalme wa miungu, Zeus. Lilikuwapo pia sanduku ambalo mapepo wamefungiwa ndani yake. Kazi ya kulilinda sanduku hilo akapewa mwanamke, Pandora, naye alikuwa shujaa kama wenzake. Wale wenzake wakaona wamedharauliwa. Sisi tulivyo hivi, apewe yeye? Wakapanga njama, wakaliiba, wakalifungua, na katika vurugu hiyo Pandora akauawa. Mapepo wakatapakaa duniani na sanduku likapotea. Miungu ikaghadhibika, ikatoa hukumu: kila aliyehusika atiwe pepo mmoja mwilini, ambebe milele. Maddox, aliyemuua Pandora, akapewa Ukatili. Lucien akapewa Mauti, Reyes akapewa Maumivu, Sabin akapewa Shaka, Torin akapewa Maradhi, Gideon akapewa Uongo, Paris akapewa Uzinzi, na kuendelea. Kila mmoja ana alama ya kipepeo mwilini kuonyesha kwamba ni mwenye nyumba wa pepo.

Hadithi inapoanza baadhi yao wanaishi ndani ya ngome katika mji wa Budapest, Hungaria, na wenyeji, kwa kutowajua, wanawaita malaika. Wako pia maadui zao, Wawindaji, wanaoamini kwamba mabaya yote ya dunia yametoka kwa mashujaa hao. Kila kitabu kinamchukua shujaa mmoja, kinamletea mwanamke, halafu kinauliza swali lilelile: mtu mwenye pepo atapendaje? Vitabu vitatu vya mwanzo vilitoka mwaka mmoja, 2008, na mfululizo ukaendelea mpaka The Darkest King wa mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye fani, maana hapo ndipo Showalter aliponifunga goli. Mapepo wake si wa kutisha watoto. Kila pepo ana sheria yake, na kila sheria ina bei. Torin mwenye Maradhi hawezi kumgusa mtu ngozi kwa ngozi. Akimgusa, ugonjwa unaenea na watu wanakufa. Kwa hiyo anavaa glavu na kukaa chumbani peke yake akiwalinda wenzake kwa kamera. Paris mwenye Uzinzi lazima apate mwanamke kila siku la sivyo anaishiwa nguvu, na hawezi kurudi kwa yuleyule mara ya pili. Kijana wa mtaani akisoma hapo mwanzo anasema, "Bomba!" Soma mbele uone. Mtu ambaye hawezi kumrudia anayempenda ni maskini kuliko mimi niliyetembea kwa mguu kutoka Posta.

Gideon ndiye aliyenifurahisha zaidi. Pepo wake ni Uongo, kwa hiyo akisema ukweli anaanguka kwa maumivu. Akitaka kumwambia mwanamke "nakupenda", inabidi aseme "nakuchukia". Katika The Darkest Lie ya mwaka 2010, kila anachosema Gideon msomaji anakigeuza mwenyewe kichwani, na baada ya kurasa hamsini hivi unajikuta umeizoea lugha yake, unacheka na kuumia mahali panapostahili. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye ugomvi wake na jirani uliendeshwa miaka kwa kanga, bila ya neno hata moja kutoka mdomoni. Tofauti ni kwamba bibi alichagua.

Mwandishi mwenzangu, hapo pana somo. Usiniambie tu kwamba mhusika wako ana jini. Niambie jini anamkataza nini. Katika miswada mingi tunayosomeana, na wangu umo, jini anatokea usiku wa manane, macho mekundu, harufu ya udi, paka analia nje, basi. Asubuhi mhusika anakunywa chai na vitumbua kama kawaida. Jini wa namna hiyo ni mapambo. Ukimtoa kwenye hadithi, hadithi haiyumbi.

Na mwenye bei kubwa kuliko wote ni Maddox wa kitabu cha kwanza. Huyu alimuua Pandora kwa kumchoma mara sita. Adhabu yake ikawa hivi: kila usiku wa manane wenzake wanamfunga kwa minyororo kitandani, Reyes anamchoma upanga mara sita, Lucien anaisindikiza roho yake motoni, na asubuhi anaamka mzima kuanza upya. Kila usiku, kwa maelfu ya miaka. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kupunga upepo.

Naomba nami nitoke nje ya kitabu kidogo. Nitarudi.

Mwaka juzi dada yangu alirudi nyumbani saa nne usiku, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo mkononi, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Hakusema kitu. Mama akabandika maji. Jumapili yake wazee wakakaa. Shemeji alikuja na wajomba zake wawili, kanzu imepigwa pasi, akapiga magoti mbele ya baba mdogo na kusema maneno mawili: "Shetani alinipitia." Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko, maana nani asiyejua kwamba shetani yupo? Ikatajwa faini, ikasomwa dua, likaliwa pilau. Dada akaambiwa akusanye vitu vyake wakati jua bado liko juu. Mimi nilikuwa mlangoni nagawa soda. Katika kikao kizima hakuna aliyemgeukia dada akamwuliza neno. Hata mimi sikumwuliza.

Na si hayo tu. Walipoondoka, shangazi yetu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda dada mwenyewe ana jini mahaba, ndiyo maana haelewani na mumewe. Mnamjua jini mahaba, sina haja ya kumweleza sana: yule anayesemekana kujifanya mume wa mwanamke usiku, akamtia uvivu wa ndoa, akamgombanisha na mume wa mchana. Hebu angalieni lugha yetu wenyewe ilivyopanga mambo. Mwanamke ANA jini. Jini wake anakaa, ana makao, anatolewa kwa gharama na mafusho. Mwanaume shetani ALIMPITIA. Wake ni wa safari, kama daladala. Alipita, akaenda zake, na hakuna haja ya kumtafuta.

Sasa turudi Budapest. Mtu anaweza kusoma The Darkest Night akaona ni "shetani alinipitia" ya kurasa mia nne. Kuna mwanaume mwenye hasira za kubomoa kuta, na kila akivunja kitu tunaambiwa ni Ukatili aliye ndani yake. Hata mimi mwanzo nilisoma hivyo. Nikampenda Maddox, nikamwonea huruma, nikawa namsemea moyoni: maskini, si yeye, ni pepo.

Lakini tazama mpangilio wa matukio. Wale mashujaa walipoona wivu kwa sababu mwanamke amepewa kazi, hawakuwa na pepo. Walipopanga njama, hawakuwa na pepo. Maddox alipomchoma Pandora, Ukatili alikuwa bado hajatiwa mwilini mwake. Wivu ulikuwa wao na mkono ulikuwa wake. Pepo alikuja baada ya kosa, tena aliletwa kwa sababu ya kosa. Kama shemeji angehukumiwa na miungu ile, angeambiwa: kijana, shetani hajakupitia bado, wewe umepiga kwanza, sasa ndiyo anakuja, na hatapita.

Hapo ndipo penye dawa niliyosema. Kitabu cha mapenzi chenye mwanaume kifua wazi kimesema jambo ambalo kikao cha wazee wangu kilishindwa kulisema.

Kumbe hata sisi tulikuwa nalo jambo hilo nyumbani, tena zamani. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, anatupa ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanaotaka kumwangamiza ndugu yao Adili kwa kijicho. Wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini, na kila usiku Adili, kwa amri ya jini huyo, anawachapa kwa kiboko. Kila usiku! Nilipoliona hilo niliruka. Wivu kwanza, adhabu ya usiku baadaye, na majini wanasimamia hukumu, hawasingiziwi kosa. Tulisoma kitabu hicho tukiwa wadogo tukaona ni habari ya manyani tu.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya Adili na Maddox, na tofauti hiyo ndiyo sumu. Kwa Shaaban Robert, aliyekosewa yuko hai. Adili yumo chumbani, anawapiga huku anaumia, tunamsikia anavyosema. Msamaha ukija, yumo mtu mwenye haki ya kuutoa. Kwa Showalter, aliyekosewa ni Pandora, na Pandora amekufa kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Basi nani anamfungua Maddox? Mwanamke mwingine, Ashlyn, ambaye kesi ile haimhusu hata kidogo. Yeye ndiye anayejitoa mhanga kwa upendo ili laana ya kila usiku ivunjike. Niliposoma mara ya kwanza machozi yalinilenga, nakiri. Mara ya pili nikajiuliza: Pandora ameulizwa? Nikaona tena kile kikao chetu, baba mdogo akipokea faini kwa niaba ya jicho ambalo si lake.

Na huyo Ashlyn mwenyewe, jamani, ni mhusika wa thamani aliyetumiwa kwa bei ya kutupa. Ana kipaji ambacho natamani ningekibuni mimi: popote anaposimama anasikia mazungumzo yote yaliyowahi kusemwa mahali hapo. Hebu fikiri. Mtu wa namna hiyo ndiye shahidi ambaye kila nyumba yenye mlango uliofungwa inamwogopa. Ningempa nauli aje asimame sebuleni kwa shemeji dakika moja tu. Lakini katika kitabu, akiwa karibu na Maddox sauti zote zinanyamaza, na hilo ndilo linalomfanya ampende. Naelewa, sauti zilimtesa tangu utotoni, na mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Ila mwandishi alikuwa na mwanamke anayesikia kila kitu na mwanaume mwenye siri ya damu, akawaweka chumba kimoja, halafu akazima sauti. Mimi ningeziacha ziwake. Mapenzi yanayowezekana baada ya mwanamke kusikia yote yangekuwa mapenzi kweli, na kama yasingewezekana, hiyo nayo ni riwaya.

Ugonjwa huo unajirudia katika vitabu kadhaa: mwanaume ana pepo, mwanamke ndiye kombe la kunywa. Msichana anayesoma mfululizo huu kitandani usiku anafundishwa, bila kuambiwa, kwamba mwanaume akikutisha usimkimbie, huenda wewe ndiye dawa yake. Dada yangu alikuwa dawa kwa miaka minne.

Nisiwe mchoyo lakini. Showalter mwenyewe anaonyesha njia nyingine akitaka. Katika The Darkest Whisper ya mwaka 2009, Sabin ana pepo wa Shaka, ambaye anawanong'oneza watu walio karibu naye mpaka wanajichukia. Mpenzi wake wa zamani alijiua. Anakutana na Gwen, aliyekuwa mateka wa Wawindaji. Gwen ni wa jamii ya Harpy, viumbe wenye mabawa na makucha, na ndani yake kuna kitu kikali kuliko pepo wa Sabin, kinachoweza kurarua watu asipokizuia. Na mwanamke huyu anatumia nguvu zake zote kukizuia. Anajiogopa. Anahesabu pumzi. Niliposoma hapo nikasema, ala! Kumbe mtu anaweza kuwa na mnyama ndani na bado akasema, "Mnyama ni wangu, nitamfunga mimi." Sabin naye hamtaki awe dawa yake, anamfundisha kupigana. Wale wawili wanalingana. Kitabu hiki nakiweka juu ya vyote tisa nilivyosoma.

Jambo la mwisho juu ya mfululizo wenyewe. Kati ya mashujaa wale alikuwamo mwanamke mmoja, Cameo, mwenye pepo wa Simanzi. Sauti yake ikisikika, watu wanalia. Wanaume walipewa vitabu vyao mmoja baada ya mwingine. Cameo alisubiri kitabu chake mpaka 2017, The Darkest Promise, miaka tisa baada ya Maddox. Pandora naye anarejea kwenye hadithi katika vitabu vya mbele, lakini msomaji amekwisha kufundishwa kumpenda aliyemuua. Sisemi mwandishi alikusudia ubaya. Nasema tu kwamba foleni ya nani asemewe kwanza ipo pia ndani ya vitabu, kama ilivyokuwapo sebuleni kwetu.

Sasa nijihakiki mimi, maana mhakiki asiyejigusa ni kama mwalimu anayechapa wenzie.

Nina mswada. Nauandika usiku steshenari ninapofanya kazi, wateja wa kopi wakishaondoka. Nimeuita Mume wa Usiku, na una sura kumi na moja. Kuna kijana fundi gereji anaitwa Kassimu, babu yake alifunga mkataba na jini wa baharini, na mkataba ukamrudia mjukuu. Kassimu anampenda Rehema sana, lakini jini akipanda anampiga, na asubuhi hakumbuki. Niliandika sura ile ya kipigo kwa raha. Niliiga mapigo ya Showalter, sentensi fupi fupi, pumzi juu juu. Kijiweni waliisoma wakasema nimetisha.

Dada alipokuja kumwona mama aliukuta juu ya meza, nimeubaindi kabisa kwa mashine ya ofisini. Akauchukua. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne, anachambua mchele uani, akaniita.

"Umeandika vizuri," akasema. "Unasomeka."

Nikafurahi. Nikavuta kigoda.

"Ila kumbe na wewe umemtafutia shemeji yako wakili."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Sikujua pa kuweka macho. Nilitaka kumwambia ni riwaya tu, ni mambo ya kubuni, Kassimu si shemeji. Lakini nilikumbuka zile soda nilizogawa, nikanyamaza.

Ndipo nilipovirudia vitabu vyote tangu mwanzo, safari hii na penseli, na ndipo nilipouona ule mpangilio wa wivu kwanza, pepo baadaye. Mara ya kwanza nilikuwa nimechukua minyororo, upanga na usiku wa manane, nikaacha kitu kimoja kilichokuwa na maana, yaani kosa lililotangulia. Hivyo ndivyo tunavyoiga siku zote. Tunaiba sanduku bila kujua lina nini.

Sasa nimeanza upya. Katika mswada mpya Kassimu anapiga katika sura ya tatu, na jini hayumo. Hakuna udi wala paka. Ni jioni tu, Rehema amepata kazi ya dukani yenye mshahara mzuri kuliko wake, na yeye ana akili zake zote timamu. Jini anaingia sura ya nne, na hapiti. Anakaa. Kila Kassimu akiinua mkono ule, hata kwa kushika spana, anasikia kile ambacho Rehema alisikia. Sheria ni hiyo moja tu, na nimejitahidi nisiivunje.

Dada amesoma sura hizo tano. Safari hii hakukaa siku tatu. Aliniuliza swali moja: "Pale kwenye kikao, Rehema anasema nini?"

Nikafungua mswada kumwonyesha. Nikatafuta. Wazee wanaongea ukurasa mzima, wajomba wanaongea, Kassimu anaongea, mpaka pilau nimelieleza viungo vyake. Rehema hana hata mstari mmoja. Mimi niliyeandika kurasa zote hizi kumlaumu Showalter kwa ajili ya Pandora!

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, hapo ndipo nilipokwama, na sioni haya kusema. Nimemwomba dada anisaidie maneno ya Rehema. Amesema niandike kwanza mimi, yeye atasahihisha. Nimekwisha kuandika mara sita, na mara zote sita amekata mstari akaandika pembeni: "Hapana, hakusema hivyo."

Anayetaka kuvisoma vitabu hivi aje steshenari, ninavyo sita vya kuazimisha. Anzeni na The Darkest Night, maana bila hicho vingine havieleweki, lakini msiishie hapo. Fikeni kwa Gwen. Someni na penseli. Na tafadhali msilitoe lile jalada la kalenda, mama bado anaamini ni Kiingereza.